Andika Sifuri

Wadau, nikisema nahesabu ndege, swali la kwanza huwa, "Wanakulipa shilingi ngapi?" Hakuna kitu. Nauli yangu, chai yangu, darubini ya kuazima. La pili huwa, "Sasa ili iweje?" Hilo ndilo lenye maneno.

Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari sehemu nyingi duniani. Kazi ilianza 1967, Afrika ikaingia 1991, na wengi wanaoifanya wanajitolea tu. Ni Januari kwa sababu wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya wanakuwa huku kwetu.

Hapa Kigongo nazunguka na mzee mmoja, mvuvi mstaafu, jina nalihifadhi. Hana kitabu cha ndege, ila akisikia sauti tu keshajua: huyo furukombe, huyo mdiria. Mnandi anamjulia mbali, maana huyo akitoka majini hutandaza mabawa juu ya jiwe kama shati lililoanikwa.

Enzi za foleni ya kivuko, mama lishe walikaanga sato pale, na yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni alikuwa hakosi. Anasubiri utumbo wa samaki kama abiria mwenye tiketi! Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa, magari yakawa yanapita juu, majiko yakapungua. Januari iliyofuata tukasimama palepale, tukasubiri weee. Hola.

Kijana tuliyekuwa naye akasema, "Babu, tuandike hata watano. Si tunajua wapo?"

"Andika sifuri, mjukuu wangu. Ukiandika watano leo, siku wakiisha kweli nani atajua?"

Binafsi nahisi wamehamia majalala ya mjini, na kama ni hivyo si msiba. Ila bila ile sifuri, na bila mtu wa kuhesabu kule mjini, kuhama na kufa vinafanana.

Kinachoniumiza kichwa ni visiwa. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, Rubondo tangu 1977. Kule kuna askari. Vile vijisiwa vya mawe humu ghubani, ambako mnandi wanakwenda kulala jioni, havina mlinzi wala daftari. Mafuta ya boti hatuna. Mwenye mtumbwi mmoja kakubali kutupeleka kwa makasia, kwa sharti tuwe ufukweni saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda kutoa nyavu zake.