Ziwa Reelfoot, Ambako Samaki Dume Ndiye Mlezi

Wasomaji wetu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wanajua kwamba sato jike hubeba mayai yake kinywani, na vifaranga wakishaanguliwa huwaficha humo humo hatari ikija. Je, mmewahi kusikia habari za samaki ambaye mama hutaga akaenda zake, na baba ndiye anayebaki kulinda? Samaki huyo anaitwa krapi. Sisi tulimwona katika Ziwa Reelfoot, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Tennessee, Marekani.

Tulikuwa watatu, wauguzi wawili na mwalimu wa shule ya Jumapili, tulioalikwa na kina mama wa kanisa moja la huko mwezi wa Aprili. Wenyeji wetu walikuwa wakiandaa chakula cha jioni kwa ajili ya wazee wa mtaa wao. Mzee mmoja, aliyevua ziwani humo tangu utoto wake, alikubali kutuchukua katika mashua yake ili nasi tuchangie kitoweo.

Ziwa lenyewe lilizaliwa kwa kishindo. Kati ya Desemba 1811 na Februari 1812, mitetemeko mikubwa ya ardhi ilitikisa bonde la mto Mississippi. Ardhi ikadidimia, maji yakaingia, msitu ukazama. Hadi leo visiki vimejaa chini ya maji, na miti ya saipresi imesimama ndani ya ziwa kana kwamba inaoga. Kina cha maji ni kama mita moja na nusu tu kwa wastani, na pembezoni kumesongwa na yungiyungi na magugu. Mpita njia angedhani ni dimbwi lililotelekezwa. Kumbe ndipo penye riziki. Mwaka 1908, kampuni moja ilipodai kuwa ziwa ni mali yake, watu walioishi kwa uvuvi waliinuka usiku wakiwa wamefunika nyuso, na damu ikamwagika. Baadaye ziwa likawa la umma.

Krapi ana umbo bapa kama perege, rangi ya fedha na madoa meusi. Wakati wa baridi hukaa kwenye maji ya kina kirefu. Maji yakipata joto la nyuzi 16 hadi 20 za sentigredi, dume hutangulia kuja kwenye maji mafupi. Husafisha mahali padogo kando ya kisiki au shina la gugu, na mwili wake hugeuka kuwa mweusi. Jike huja, hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai, kisha hurudi kilindini. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yake ili yapate hewa, na hufukuza samaki wengine wanaokuja kuyala. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi tano, naye huendelea kulinda mpaka vifaranga waondoke kiotani.

Kumvua mahali kama pale kunataka utulivu kuliko nguvu. Mashua husogezwa polepole bila kugonga mbao, maana katika maji ya magotini samaki hushtuka upesi. Kurusha ndoano mbali hakufai, kwani itanasa kwenye magugu. Mzee alitupa fimbo ndefu, kila moja na mshipi mfupi, chubwi dogo, kiboya, na ndoano yenye kisamaki hai. Unatafuta uwazi kati ya majani, unashusha chambo wima, unangoja. Kiboya kikizama au kikilala ubavu, unainua taratibu. Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi. Ukivuta kwa pupa unachanika, na kitoweo kinakwenda na maji.

Kufika saa tatu asubuhi tulikuwa na samaki 14. Ndipo kando ya kisiki kimoja tukamtoa dume mweusi kama mkaa. Mwenzetu mwalimu akamshika, akauliza, "Mzee, na watoto wake je?"

Mzee hakucheka. Alisema sheria inaruhusu kumchukua, kwamba krapi huzaa sana, na kwamba ziwa halitapungukiwa kwa ajili ya dume mmoja. Yeye mwenyewe huchukua mmoja au wawili mahali pamoja, kisha husogea. "Lakini kiota hiki," akasema, "mkimchukua huyu, kitaliwa kabla hatujafika nchi kavu."

Sisi wauguzi tunaijua lugha hiyo. Takwimu za wilaya zaweza kuwa nzuri, na bado wodini yupo mtoto mmoja anayehitaji mtu wa kukaa naye. Mmoja wetu alikumbusha kwamba wazee wanasubiri chakula. Mwingine akauliza kama majike tuliokwisha kuwaweka kwenye barafu hawakuwa na mayai tumboni. Walikuwa nayo. Hatukupata jibu la kutupendeza sote, ila tulikubaliana kwamba mlo una gharama yake, na si vema kulipa zaidi ya tunachohitaji. Tukamrudisha dume pale pale kwenye kisiki chake, tukasogea mbele.

Jioni ile samaki walivingirishwa kwenye unga wa mahindi, wakakaangwa katika mafuta mengi, wakaliwa na kabichi mbichi iliyokatwakatwa. Tulifurahi kuona unga wetu wa ugali ukifanya kazi hiyo. Wazee wote walishiba, na sinia moja likabaki.

Huku kwetu kokoro limepigwa marufuku, kwa sababu hukokota mazalia yote, mama, mayai na vifaranga kwa mkupuo mmoja. Ndoano ya mzee yule ilimpa nafasi ya kumtazama kila samaki na kuamua. Sisi kina mama hatuko mtumbwini mara nyingi, lakini tuko mwaloni na sokoni, na fedha iko mkononi mwetu. Sato wachanga wa urefu wa kidole wakiletwa kwa bei ya kutupa, tusinunue. Mvuvi asiyepata mnunuzi wa vifaranga hatawafuata tena kwenye magugu.