Kwenda Tokyo kwa Ajili ya Nywele

Mchoraji wa vitabu vya watoto hapa Dar es Salaam anaijua shida ya nywele. Uso unaupata kwa mistari michache, nguo hazisumbui, lakini nywele za mtoto wa Kiafrika ukizipaka nyeusi tupu zinageuka kofia. Mimi huzipaka kwa kalamu za rangi zenye wino wa alkoholi. Kwa muda mrefu nilizipata moja moja kutoka kwa ndugu waliopita Dubai au Muscat, na kahawia nilizokuwa nazo zilichaguliwa na bahati. Nilitaka kuziona zote zimepangwa mbele yangu, nizijaribu kwa mkono wangu kabla ya kutoa hela. Basi nafasi ya kumtembelea binamu yangu anayesoma Tokyo ilipopatikana, jambo la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa duka. Minara na mahekalu vilifuata baadaye.

Nilipita Dubai, nikashukia Narita. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo mwili wangu ulikuwa bado mchana wakati nje taa za jioni zilikwisha kuwaka. Ndani ya treni ya kwenda Shinjuku sikuitazama sana mandhari. Nilitazama vichwa. Sikuwahi kukaa mahali penye nywele nyingi hivyo, nyeusi na zilizonyooka, chini ya taa za aina moja. Kila kichwa kilikuwa na mshipi wa mwanga uliokikata kwa upana, juu kidogo ya masikio, na mtu akiinama kusoma simu yake mshipi ule uliteleza kuelekea kisogoni. Sehemu ya katikati ya mshipi haikuwa nyeupe. Ilikuwa na ubuluu wa kijivu. Niliichora kwa penseli pembeni mwa tiketi.

Kesho yake Dada (binamu yangu amenitangulia kuzaliwa, namwita hivyo tangu utotoni) alinipeleka Sekaido, duka kubwa la vifaa vya sanaa pale Shinjuku. Nilikuta rafu za kalamu za Copic zimepangwa kwa koo za rangi, na karatasi za kujaribia zimewekwa mbele yake. Nilisimama pale hadi Dada akaenda kunywa kahawa na kurudi.

Kalamu hizi zilitoka mwaka 1987. Wabunifu wa wakati huo walikuwa wakitoa fotokopi za michoro yao na kuipaka rangi, na walihitaji wino usioyeyusha ule unga mweusi wa mashine na kuchafua mistari. Mwaka 1993 likaja toleo la Sketch, lenye ncha laini ya brashi upande mmoja, na leo toleo hilo lina rangi 358. Kila rangi ina namba yake, na namba hizo ukizielewa duka zima linasomeka. Herufi ni ukoo: E ni rangi za udongo, kuanzia krimu hadi kahawia inayokaribia weusi. Tarakimu ya kwanza inaonyesha rangi imetiwa kijivu kiasi gani, na ya pili inaonyesha giza lake. Kwa hiyo E29 na E49 ni za giza moja, ila E29 ina wekundu ulio hai na E49 imepoa. Nilizipaka bega kwa bega, nikaona watu wawili ninaowafahamu: mmoja nywele zake zikipigwa jua huwa na wekundu, mwingine hubaki na kahawia kavu saa zote.

Jioni ile Dada alikuwa amemwalika rafiki yake, mwanamke anayechora manga kwa riziki, tukutane mgahawani. Nilimwonyesha kichwa nilichokianza, nikamwomba aniambie angetumia rangi ipi. Hakugusa kalamu. Alisema maneno machache, Dada akanigeukia: "Mdogo wangu, anauliza mwanga unatoka wapi."

Ndipo akaanza. Alichora kichwa kipya na mshale mdogo wa mwanga pembeni, akapaka nywele kwa rangi hafifu huku akiacha utepe mtupu pale mwanga unapogonga. Wajapani huuita pete ya malaika. Kisha akachukua kahawia ya kati. Aliivuta kutoka kwenye mizizi kuja kwenye utepe, na kutoka kwenye ncha za nywele kupanda kwenye utepe huohuo, kila mara akiinua mkono mwishoni ili mstari umalizike kwa ncha nyembamba. Rangi ya giza ikafuata, lakini kwa masafa mafupi zaidi na mahali pachache: chini ya masikio, kisogoni, na pale fungu moja la nywele linapolala juu ya jingine. Nyeusi yenyewe hakuitumia kabisa. Weusi wote ulitoka kwenye kijivu cha baridi na buluu nzito kama B99, na macho yangu yaliuamini.

Alifanya haraka, na haraka ile ina sababu. Rangi ya kalamu hizi imeyeyushwa katika alkoholi, na alkoholi hukauka upesi. Mstari wa pili ukipita wakati wa kwanza ungali umelowa, huuyeyusha tena, na kingo za rangi mbili zinaingiana. Ukichelewa, mpaka unabaki. Karatasi nayo haivimbi wala kutoa nyuzi kama inavyofanya kwa maji, hivyo mtu anaweza kupita mara nyingi mahali palepale. Ila wino hupenya hadi upande wa pili, na yeye kila mara aliweka karatasi nyingine chini kuilinda meza.

Nilijifunza mengi kwa mkono wake, lakini utepe ule haukuwa wangu. Nywele zilizonyooka hulala pamoja na kurudisha mwanga kwa pamoja. Za kipilipili kila pindo lina mwanga wake mdogo na kivuli chake kidogo, kwa hiyo mwanga hutawanyika. Ukimchorea binti wa Kiafrika mwenye afro pete ya malaika, umemvika nywele za mtu mwingine, hata kahawia yake iwe sahihi namna gani.

Jibu la kwanza nililipata Harajuku, katika jumba la sanaa la Ota, ambako huonyeshwa picha za ukiyo-e zilizochapwa kwa mbao. Mbele ya picha ya mwanamke iliyobuniwa na Utamaro, aliyefariki 1806, nilisogea hadi pua ikakaribia kioo. Rundo la nywele lilikuwa jeusi tulivu. Kazi yote ilikuwa ukingoni, kwenye paji la uso na mashavuni, ambako unywele mmojammoja ulionekana ukitoka kwenye ngozi. Ubao ulichongwa na fundi, na kichwa kiliachiwa mafundi waliobobea, kwa sababu kila unywele ni ukuta mwembamba wa mti wa mcheri uliobakizwa baada ya kuondoa mbao pande zote mbili. Walijua jicho linatafuta ushahidi pembeni. Likiupata huko, linakubali kilichomo katikati.

Usiku nikakaa kwenye meza ya Dada nikaanza na ukingo. Afro sikuizungushia mstari wa wino. Niliimaliza kwa miguso midogo iliyokatika, kwa ncha ya brashi, na upande wa mwanga nikaacha E18, yenye rangi ya shaba, ichungulie nje. Ndani nililaza kahawia ya kati, kisha nikapanda na E29 kutoka kisogoni kwa miguso ya duara, nikiacha mianya mingi juu na michache chini. Baadaye nikachukua kalamu namba 0, isiyo na rangi yoyote. Hiyo ni kimiminika kitupu: ukiigusisha juu ya kahawia iliyokauka huisukuma rangi pembeni, na pale panabaki doa hafifu lenye duara jeusi kulizunguka. Kwa kawaida mtu anayepaka rangi huliepuka doa hilo. Kwenye nywele za kipilipili, doa hilo ndilo pindo lenyewe, mwanga katikati na kivuli kandokando. Madoa hayo niliyatawanya upande mmoja wa kichwa tu. Upande wa pili niliuachia E49, na nyeusi nikaitia kwenye mianya ya ndani kabisa.

Msuko wa twende kilioni ulihitaji mpango mwingine. Kwanza ngozi ya njia, hafifu kidogo kuliko ya uso kwa kuwa haijazoea jua, halafu tuta moja moja la msuko. Kila tuta ni mviringo, kwa hiyo lina mgongo wenye mwanga na mbavu zenye giza, na migongo yote hung'aa kwa kufuata mzingo wa kichwa. Hapo mshipi nilioukuta kwenye treni ulirudi, lakini umekatwakatwa, kipande kimoja kwa kila tuta. Dada alisimama nyuma yangu akitazama. "Huyu amesukwa jana," alisema, "bado zinambana." Nilifurahi kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Kabla ya kuondoka nilirudi Sekaido na orodha fupi: E18, E29, E47, E49, kijivu cha C7 na ile 0, pamoja na chupa za wino za kujazia, kwa kuwa kalamu hizi hujazwa na ncha zake hubadilishwa. E29 niliichukulia chupa ya ziada. Kazi nitakayopaka kwa rangi hizi itabidi niiskani mapema na kuifungia kwenye jalada, maana rangi ya aina hii hufifia kwenye mwanga, na jua la Dar es Salaam halina huruma. Kitabu kinachonisubiri kina darasa zima la watoto, na hakuna wawili kati yao waliosukwa mtindo mmoja.