Uskoti ya Kaskazini: Nyumba Hutembea, Mawimbi Hayafiki

Siku hizi Ulaya wako watu wengi ambao nyumba yao ni gari. Si gari la kulazimika kulala ndani yake, kama afanyavyo utingo ambaye lori lake limeharibika njiani, bali ni gari lililotengenezwa makusudi kwa kuishi. Ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, kabati, tangi la maji na meza ambayo ikifika usiku hukunjwa ili watoto wapate mahali pa kulala. Gari hilo huitwa kampavani. Mwenye nalo ni kama kobe: popote aendapo, nyumba yake iko pamoja naye. Ila kobe hana mwajiri wa kumjibu, wala hana mama mzazi anayesubiri kusikia kwamba amefika salama.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Tangu maradhi ya UVIKO yalipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wafanyakazi wengi wa maofisini wamezoea kufanya kazi mbali na ofisi. Baadhi yao wakajiuliza: ikiwa kazi yafanyika nyumbani, na nyumba yaweza kutembea, kwa nini nisitembee nayo? Swali hilo ni zuri, lakini jibu lake hutegemea kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni mawimbi ya intaneti. Na hapana mahali pazuri pa kulipima jibu hilo kama barabara inayozunguka kaskazini mwa Uskoti.

Barabara hiyo ilianza kutangazwa kwa watalii mwaka 2015 kwa jina la North Coast 500. Huanzia katika ngome ya mji wa Inverness, huelekea magharibi hadi pwani, hupanda kaskazini, hukata mashariki mpaka John o' Groats, kisha hurudi Inverness. Urefu wake ni maili 516, yaani takriban kilomita 830. Sehemu nyingi za magharibi na kaskazini njia ni ya gari moja tu. Magari mawili yakikutana, mmoja hana budi kusimama katika kijipengo kilichotengwa pembeni ili mwenzake apite, nao hupungiana mikono kama watu waliofahamiana siku nyingi.

Upande wa magharibi ipo njia ya kwenda Applecross iitwayo Bealach na Bà. Maana ya jina hilo katika Kigaeli, lugha ya asili ya watu wa huko, ni Njia ya Ng'ombe. Hupanda hadi mita 626 juu ya usawa wa bahari kwa kona kali zilizokunjana kama utumbo, na wenye magari makubwa ya kulala hushauriwa wasiijaribu. Mbele zaidi huja Torridon, Gairloch, bandari ya Ullapool na daraja la Kylesku lililofunguliwa mwaka 1984. Mwisho wa yote, pale ambapo nchi yenyewe inakwisha, kipo kijiji cha Durness na mchanga wake mweupe, ambao mgeni kutoka mwambao wetu angeuonea shauku mpaka atakapotia mguu majini na kuonja baridi yake.

Kwa nini mawimbi ni haba

Msafiri anayeipita njia hiyo huona jambo ambalo wenzetu wa vijijini wanalifahamu vyema. Simu iliyokuwa hai hufa ghafla mara gari linapoteremka bondeni. Likipanda mlima, ujumbe wa saa tatu zilizopita huingia wote kwa pamoja kama kuku waliofunguliwa banda. Watu husimamisha magari juu ya vilele na kuinua simu zao hewani, sawa kabisa na ndugu zetu wanaopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Mawimbi ya simu hupenda kusafiri yakiwa yanaonana na mnara. Mlima wa mawe ukiwa katikati, nyuma yake huwa kivuli, na mabonde ya huko yamejaa vivuli vya namna hiyo.

Sababu ya pili ni uchache wa watu. Eneo la Halmashauri ya Highland lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na wakazi wake ni takriban 235,000. Rwanda, ambayo haipishani nalo sana kwa ukubwa, ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika sensa ya mwaka 2022. Kampuni ya simu hujenga mnara mahali penye wateja. Bonde lisilo na nyumba halimlipi mtu.

Lakini mabonde hayo hayakuwa matupu tangu kuumbwa kwake. Kuanzia karne ya 18 hadi ya 19 wenye ardhi wakubwa waliwaondoa wakulima wadogo katika mashamba yao ili kondoo wapate malisho, kwa kuwa kondoo walileta faida kubwa kuliko kodi ya mkulima maskini. Katika bonde la Strathnaver watu walifukuzwa mwaka 1814 na tena mwaka 1819, na nyumba zikatiwa moto. Msimamizi mmoja wa kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa mjini Inverness mwaka 1816, naye akaachiliwa huru. Wenyeji wengine walisukumwa hadi ukingo wa bahari. Wengine walipanda majahazi kwenda Kanada na kwingineko. Kwa hiyo anayesimama leo katika bonde lile, akitazama simu isiyo na hata mstari mmoja wa mtandao, anautazama pia ukimya uliotengenezwa na watu.

Bati la gari na dawa yake

Sababu ya tatu anayo msafiri mwenyewe. Kampavani imevikwa bati pande zote, na bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Simu inayopata mtandao dhaifu nje ya mlango huweza kuukosa kabisa ikiwekwa mezani ndani. Wazoefu wa njia hiyo wamejifunza kwamba intaneti haihifadhiwi ndani ya gari. Hutafutwa juu ya paa.

Dawa yake ni antena iliyofungwa juu ya paa, yenye waya unaoingia ndani hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti ya simu na kuigawa kwa kompyuta na simu zote za nyumba. Waya huo sharti uwe mfupi, kwani waya mrefu hula nguvu za mawimbi kabla hayajafika. Antena nzuri hubeba vipokeo viwili au vinne pamoja, ili mzigo ugawanywe katika njia zaidi ya moja. Tena iweze kupokea masafa ya chini. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 hufika mbali, ilhali yale ya 1800 na 2600 hubeba shehena kubwa zaidi lakini huchoka mapema.

Ruta nayo afadhali iwe na laini mbili za kampuni mbalimbali. Mwezi Machi 2020 serikali ya Uingereza na kampuni nne za simu, EE, O2, Vodafone na Three, zilikubaliana kutumia takriban pauni bilioni 1 kueneza mtandao wa 4G vijijini. Lengo lilikuwa kufikia asilimia 95 ya ardhi ya nchi ifikapo mwisho wa 2025. Ndugu msomaji, soma vizuri maana ya asilimia hiyo: ni sehemu zinazofikiwa na angalau kampuni moja. Kampuni hiyo moja yaweza kuwa si yako. Mwenye laini moja aweza kukaa chini ya mnara wa jirani na asipate neno. Mwaka 2025 Vodafone na Three ziliungana, lakini somo halijabadilika: asiyetaka kukatikiwa na kazi asitegemee kamba moja. Na ajabu ni kwamba mgeni mwenye laini ya nje aghalabu hupokewa na mnara wowote ambao kampuni yake ina mkataba nao, ilhali mwenyeji hubaki amefungwa kwa kampuni yake.

Wako wauzaji wa vifaa vya kuongeza nguvu za mawimbi. Hapa tahadhari inahitajika. Nchini Uingereza kifaa kisichotimiza masharti ya Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ni kosa kisheria kukitumia, kwa sababu huweza kuuvuruga mnara na kuwaharibia wengine.

Pale ambapo mnara haupo kabisa, watu wamegeukia angani. Setelaiti za zamani za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa aliye Durness, nyuzi 58 na nusu kaskazini, huonekana chini upande wa kusini, ambako mlima mmoja hutosha kuzifunika. Na kwa umbali huo, swali na jibu huchukua kama nusu sekunde. Setelaiti za Starlink huzunguka karibu zaidi, takriban kilomita 550, na kwa hiyo mazungumzo ya video huwezekana. Sahani yake huhitaji anga iliyo wazi. Msitu wa misonobari huikata.

Nayo hula umeme. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 yenye amperi 100 kwa saa hubeba takriban wati 1200 za saa moja. Ruta ya wati 10 ikifanya kazi saa kumi hutumia 100 tu. Sahani ya wati 60 kwa muda huo huo hutumia 600, yaani nusu ya betri. Mwezi Juni jua la Durness hukaa angani kama saa 18 na paneli za juu ya paa hushiba. Mwezi Desemba hukaa kama saa sita tu, tena likiwa chini na nyuma ya mawingu. Anayetaka kufanya kazi huko wakati wa baridi hana budi kuwasha injini au kulipia umeme kambini.

Kati ya ukimya na uhai

Wapo wasiopenda minara iongezwe. Shirika la John Muir Trust, linalotetea maeneo ya asili, limepinga baadhi ya minara iliyopangwa kujengwa mahali pasipo mkazi hata mmoja, kwa hoja kwamba barabara za kuifikia na vyuma vyake huharibu nyika kwa ajili ya kutimiza hesabu ya ramani tu. Hoja hiyo ina uzito. Watu huenda kule kwa sababu ya ukimya, na ukimya ukiisha haununuliki tena.

Hata hivyo mkazi wa kijiji cha mwisho hatafuti burudani anapoomba mtandao. Anataka kumwita daktari. Mwezi Novemba 2021 tufani iliyopewa jina la Arwen ilikata umeme kaskazini mashariki mwa Uskoti, na baadhi ya nyumba zilikaa siku kadhaa bila umeme wala simu. Mwaka 2022 Ofcom iliweka kanuni za kuvilinda takriban vibanda 5,000 vya simu ya umma, vikiwamo vile vilivyo mahali pasipofikiwa na mitandao yote. Kibanda chekundu kando ya barabara, ambacho mgeni hukipiga picha kama kitu cha makumbusho, bado ni mlango wa uhai.

Mgeni naye ajue haya. Anayepiga 999 au 112 nchini Uingereza hupokewa na mnara wowote ulio karibu, hata usiokuwa wa kampuni yake. Utaratibu huo ulianza mwaka 2009. Mahali ambapo sauti haipiti, ujumbe mfupi huweza kupita, lakini mwenye laini ya huko sharti awe amejiandikisha mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999. Haifai kungoja mpaka gari limeanguka mtaroni.

Katika nchi yetu mambo haya si ya mbali tena. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Mlima Kilimanjaro hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu, na wapo waliofurahi na wapo waliohofia kwamba mlima utageuka baraza ya soga. Mabasi yetu ya safari ndefu nayo ni nyumba za bati zipitazo mabondeni, na abiria wake wanajua simu inapokata.

Basi anayefunga safari, iwe kwa kampavani ya Uskoti au basi la kwenda bara, na achukue antena, laini mbili na betri iliyojaa. Pamoja na hayo afanye jambo moja ambalo halihitaji kifurushi. Kabla ya kuingia katika bonde lisilo na mtandao, amwambie mtu aliye nyumbani: napita njia hii, natarajia kutokea upande wa pili saa fulani, nisipopiga simu ifikapo saa fulani nitafute. Neno hilo moja likiachwa mahali salama, hata mawimbi yakikata, kuna mtu anayejua wapi pa kuanzia kutafuta.