Majivu na Daku

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu usoni mpaka jioni, sikuyafuta. Mteja wa baibui alinitazama kipaji, hakuuliza. Kufunga, kusali, kutoa. Kila Kwaresma naanza na kusali, maana hakuna gharama. Saa nane njaa ikanibana. Bibi wa chumba cha mbele, aliyeanza mfungo kabla yangu, amekaa uani anachambua mchele, katulia. Mimi nina mlo mmoja kamili na miwili midogo, na bado nanung'unika.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi usiku. Bibi anawagongea wajukuu: daku, daku! Sufuria, maji, mlango wa uani. Miaka yote nimekuwa nageukia ukutani. Leo nimekaa kitandani na rozari. Matendo ya uchungu. Tendo la tatu, usingizi. Lakini nilianza! Ee Mungu, kumbe umeniwekea wa kuniamsha, ukuta kwa ukuta.

Jumamosi, 15 Machi

Jumuiya, nyumbani kwa mzee aliyepooza. Tumebanana mkekani. Tumesoma Injili ya kesho: Yesu mlimani, uso wake umegeuka. Mwenyekiti akauliza nani ana neno. Kimya. Ndipo mke wa mzee: "Nikimwogesha asubuhi, ananishika mkono." Basi. Hakuongeza. Mahubiri ya mlima ule nimeyasikia tangu kipaimara, na hakuna lililoniingia kama hili. Mchana kutwa nashona, nawaza mkono ule.

Alhamisi, 20 Machi

Oda za Idi. Kanzu za watoto, madera, ovaloki inakoroma. Uzi mweupe umekwisha. Hakuna sala leo, hakuna kabisa.

Mdogo wangu kapiga simu. Kimya chote kile tangu auze shamba la baba, leo "Dada, shikamoo." Anaumwa. Anataka kuja. Nikamwambia nina kazi, nikakata. Mkono ukatetemeka, uzi haukuingia sindanoni.

Magharibi Bibi kaleta bakuli: magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga. "Na wewe umefunga, mwanangu." Nikala nalia.

Jumapili, 23 Machi

Mtini usiozaa. Mwenyewe anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, achimbe, atie samadi. Shamba! Injili yote ile, leo iwe shamba. Nilitoka kanisani nimenuna. Baba alikuwa na miembe pale. Kila tukienda alisimama chini yake kwanza, anavua kofia, anasali, halafu ndiyo jembe. Hakutufundisha neno. Tulimwona tu.

Alhamisi, 27 Machi

Spika za mkutano wa injili uwanjani, usiku wa tatu sasa. Fundi mwenzangu ananisihi twende, nikaombewe moyo ufunguke. Anasema kwa upendo, namjua. Lakini mimi wanaonisogeza kwa Mungu ni watu wasiojua kwamba wananisogeza. Mke wa mzee. Bibi na sufuria zake. Nimeamka saa kumi, rozari nimeimaliza. Jina la mdogo wangu nimelitaja, kwa shida, mwishoni kabisa.

Jumapili, 30 Machi

Nilijua inakuja. Mwana mpotevu. Padre hakukaa sana kwa yule mdogo, alikaa kwa mkubwa, aliyebaki nje anasikia ngoma. Baba alitoka nyumbani mara mbili: akamkimbilia mdogo, akatoka tena kumbembeleza mkubwa. Na Luka hasemi kama aliingia! Nimerudi nyumbani nikafungua Biblia nihakikishe. Hasemi.

Kanzu za mwisho zimetoka saa tano usiku. Mgongo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bibi kavaa dera nililomshonea, limemkaa. Pilau mpaka kwangu. Watoto wamekuja kuomba mkono wa Idi, nimewapa chenji yote ya droo.

Nikajikuta namsimulia Bibi habari za mdogo wangu. Shamba, simu, yote. Nilidhani atasema samehe. Akauliza: "Atalala wapi?"

Atalala wapi.

Basi nimehamisha majora ya vitambaa, nimesogeza ovaloki dirishani. Godoro linatosha, ila miguu itagusa mlango. Saa kumi jioni nikampigia. Sauti imemkauka. Ana nauli ya kumfikisha Morogoro tu, nimemtumia iliyobaki. Habari ya shamba nitamwuliza, sitaiacha. Ale kwanza.