Ngisi wa Baba

Wavyele hawakupiga ukwaju waliponena kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi nimeyasadiki hayo kwa sababu ya chakula.

Mjomba wangu huenda Guangzhou, Uchina, kununua viatu vya kuja kuuza. Huko, kama kule Hong Kong, wenyeji husema Kikantoni. Likizo ya Agosti alitusimulia maneno yao hadi mbavu zikatuuma. Kumbe Wakantoni nao hawana simile! Mtu mzito wa akili ni kiazi. (Sisi hapa shuleni tunamwita boga, kwa hivyo hatuna la kuwacheka.) Mwanamume anayelishwa na mwanamke anakula wali laini. Mwenye wivu wa mapenzi anakunywa siki. Na mzazi akichoshwa na mtoto wake humwambia, afadhali ningezaa kipande cha char siu kuliko kukuzaa wewe! Char siu ni nyama ya nguruwe iliyopakwa asali ikachomwa. Mama alicheka huku akinitazama mimi. Nikajua ripoti yangu ya muhula imekumbukwa.

Mjomba, kwa kunogewa, akaongeza: "Na mtu akifutwa kazi, wanasema amekaangiwa ngisi."

Tukauliza, ngisi ameingiaje hapo? Akaeleza kwamba zamani kibarua alitoka kwao na malazi yake akalala kwa tajiri. Siku ya kufutwa aliyakunja, akashika njia. Na ngisi akitiwa kwenye mafuta ya moto hujikunja vivyo hivyo.

Sebule nzima ikawa kimya. Mwezi wa Machi, Baba alikuwa amerudi kutoka Mombasa, alikofanya kazi hotelini kwa miaka 11, akiwa na godoro begani, limekunjwa na kufungwa kamba. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza kitu. Mjomba akaweka kikombe chini. Uso ulimshuka, maskini.

"Basi shemeji," Baba akasema polepole, "ngisi wangu mimi waliunguza kabisa."

Akacheka. Halafu, bila kuulizwa, akatueleza yote: barua aliyopewa saa ya chai, na jinsi alivyongoja basi la usiku ili majirani wasilione lile godoro.

Godoro lenyewe ndilo ninalolalia hapa bwenini, kitanda cha juu. Kamba pia ninayo. Naanikia soksi.