Bata wa Vega



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa letu alituambia kwamba familia yao imepata safari ya Norway, na wataishi kando ya bahari. Toka siku hiyo akawa kimya. Kumuuliza, akasema: "Mwalimu, kule kuna watu kweli?" Sisi walimu wa kujitolea hatukuwa na jibu. Basi tukatafuta, tukapata habari za Vega.

Vega ni wilaya ndogo ya wavuvi na wakulima, mkoa wa Nordland, kaskazini mwa Norway. Ina visiwa na miamba kama 6,500, lakini watu ni 1,200 hivi tu. Foleni yetu ya mgao inawapita!

Kilichotushika zaidi ni bata wao. Ni bata wa baharini, wa porini, hafungiwi na mtu. Baridi ikipungua, anapanda visiwani kutaga. Zamani, wanaume wakiwa baharini kuvua, akina mama ndio walimjengea vibanda vya mawe na mbao zilizoletwa na maji, wakamtandikia mwani mkavu. Wakati wa kuatamia hakuna kelele, wala mgeni hasogei, maana bata akishtuka anaondoka. Vifaranga wakishaingia majini, akina mama wanakusanya manyoya laini yaliyobaki kiotani, wanayasafisha, yanajazwa kwenye mifarishi. Mwaka 2004 UNESCO iliingiza visiwa hivyo katika urithi wa dunia, na kazi hiyo ya akina mama ni sababu kubwa.

Lakini visiwa vya nje vilibaki vitupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walihama kufuata shule na kazi, na serikali ikawasaidia fedha za kuhama. Hapo yule mtoto akanyosha mkono: "Sasa bata wakirudi wakute hakuna mtu?" Tukamwambia wapo wenyeji, kama wale wa Lånan, wanaorudi kila mwaka kutengeneza vibanda kabla bata hawajafika.

Hatukumdanganya, tulimwambia huenda wakapelekwa sehemu nyingine kabisa. Ila sasa anaongea tena darasani. Jioni tulimsimulia na baba yake, mvuvi wa Baraka. Alicheka kidogo, kisha akauliza ni nani atakayemtengenezea nyumba yake kule Baraka. Tulikunywa chai yake, hatukumjibu.