Gitaa la Kwaya Lisishtue Watoto



Katika nyumba nyingi za hapa Bukoba siku hizi kuna kijana mwenye gitaa. Jumamosi anashinda mazoezini, na Jumapili anaketi mbele pamoja na kwaya, nasi mama zake tunaketi nyuma tukimwombea asikosee. Sisi wa Bilele tunaye kijana wa namna hiyo kwa miaka minne sasa. Tungependa kuwaeleza tulichojifunza kutokana na gitaa lake, kwa sababu nusura litupotezee mtoto kanisani.

Zamani mpiga gitaa alikuwa na amplifaya moja na mlio mmoja. Akitaka mwingine aliinama kuzungusha vifundo, au alikanyaga visanduku vidogo vilivyopangwa sakafuni, kila kimoja na kazi yake. Sasa iko mashine ya kidijitali ambayo kwa kweli ni kompyuta ndogo ya kukanyaga. Ndani yake amplifaya, spika, mwangwi na mkwaruzo huigwa kwa mahesabu tu. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa iliyoitwa POD mwaka 1998, nayo ikazifanya mashine hizi zijulikane sana. Chombo kimoja huchukua nafasi ya mzigo mzima, jambo lenye faida kwa kwaya inayosafiri kwa Hiace kwenda semina Muleba.

Akina mama wa usharika wetu tulichanga kwa kuuza maandazi na mikeka, tukawanunulia vijana mashine moja iliyokwisha kutumika. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Katika beti kijana alipiga mlio safi, mwembamba. Ilipofika kiitikio alikanyaga swichi apate mlio mzito. Hapo gitaa lilinyamaza kidogo, mwangwi uliokuwa ukielea ukakatika kama uliokatwa kwa mkasi, kisha mlio mpya ukaingia kwa kishindo. Watoto wachanga walishtuka migongoni mwa mama zao wakaangua kilio.

Jumapili ya tatu mzee mmoja wa kanisa alisimama baada ya ibada akasema, "Mwanangu, chombo hiki kirudi kilikotoka." Alisema kwa upole, lakini alisema mbele ya watu. Kijana alijibu, "Nimesikia, mzee," akafunga gitaa lake. Jumamosi iliyofuata hakwenda mazoezini, wala ile ya pili yake. Akaanza kurudi nyumbani saa tano usiku, na tukimwuliza alikotoka, jibu lilikuwa moja tu: "Kwa rafiki."

Mama msomaji, unajua maana ya jibu hilo. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunawapokea wodini vijana wanaoletwa usiku wa manane, wengine kwa pombe, wengine kwa pikipiki, na kila mmoja alikuwa kwa rafiki. Baba yake alisema asibembelezwe, atarudi mwenyewe. Sisi tuliona ni heri kuujua ugonjwa kwanza kabla ya kutoa dawa. Tukamwomba kijana atuonyeshe mashine ile mezani, siku ya kawaida, pasipo watu. Alisema, "Mama, hutaelewa." Tukamjibu kwamba aliyejifunza mashine ya oksijeni hashindwi na ya gitaa. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Kumbe jambo lenyewe si gumu. Kila mlio uliohifadhiwa katika mashine ni mpangilio mzima: amplifaya yake, spika yake, mwangwi wake. Ukihama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine, mashine nyingi huuondoa wa kwanza wote ndipo zipakie wa pili. Kazi hiyo huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini sikio huisikia. Ni sawa na muuguzi wa usiku kuondoka wodini kabla wa asubuhi hajafika. Hata kama ni kwa dakika chache, mgonjwa amebaki peke yake. Ndiyo maana sisi hukabidhiana zamu kitandani, wawili tukiwa pamoja.

Basi dawa ni kutumia mpangilio mmoja kwa wimbo mzima. Kila kitakachohitajika kinawekwa humo tangu mwanzo, halafu swichi inawasha hiki na kuzima kile. Kwa kuwa vyote vimekwisha kupakiwa, hakuna kimya cha kusubiri. Mashine nyingi za sasa zina nafasi maalumu za kuhifadhi hali hizi. Ile ya Line 6 iitwayo Helix, iliyotoka mwaka 2015, ina nafasi 8 katika mpangilio mmoja. Kijana aliketi jioni tatu akazipanga nyimbo zote upya. Haya ndiyo aliyoyafuata, nanyi mnaweza kuwasomea vijana wenu:

Kwanza, mwangwi uruhusiwe kufifia wenyewe. Mashine nyingi zina sehemu ya kuchagua kwamba mwangwi ukizimwa, mabaki yake yaendelee mpaka yaishe. Hapo mlio mpya huingia juu ya mkia wa ule wa zamani.

Pili, swichi zisibadilishwe kazi. Ya kwanza iwe ya beti, ya pili ya kiitikio, ya tatu ya solo, katika nyimbo zote. Mguu ukizoea, macho yatabaki kwa mwalimu wa kwaya.

Tatu, ukubwa wa sauti usawazishwe kanisani, kwa sauti ile ile ya ibada, kwaya ikiimba. Usisawazishwe chumbani kwa spika za masikioni. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi hafifu kuliko zilivyo. Mlio uliopangwa kwa sauti ndogo usiku utakuwa mwingine kabisa Jumapili. Nasi wa Bukoba tuna mvua nyingi juu ya bati. Isiwe sababu ya kuongeza gitaa mpaka lishindane na radi. Heri kwaya isubiri kidogo.

Nne, swichi ikanyagwe kwenye pigo la mwisho la beti, si baada ya kiitikio kuanza.

Hapa tuseme neno kama wauguzi. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa haziooti tena. Kipimo kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Maana yake desibeli 94 ni kwa saa moja tu, na 100 ni kwa robo saa. Mama mwenye mtoto mgongoni asikae karibu na spika, hata kama ndipo palipobaki nafasi. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka mwaka 2022 kiwango cha kumbi za muziki: wastani wa desibeli usizidi 100.

Kijana alirudi kwaya mwezi huo huo. Jumapili yake ya kwanza tulisikiliza kwa wasiwasi, lakini beti ziliingia katika viitikio bila mtu kugeuka, na watoto walilala. Baada ya ibada yule mzee alimshika mkono akamwuliza, "Kile chombo mlikirudisha?" Kijana akasema, "Ndicho hiki, mzee." Mzee alikitazama kwa muda, kisha akamwomba amwonyeshe swichi ya solo.

Hatusemi kwamba mambo yote yamenyooka nyumbani. Bado kuna siku anachelewa, na bado tunauliza. Lakini sasa hutueleza alikokuwa, tena huanza yeye kutueleza. Akina mama, watoto wetu wana vyombo vingi tusivyovijua, vya muziki na visivyo vya muziki. Tusivipigie kelele tukiwa mlangoni. Tuvute kiti, tuketi, tuwaombe watuonyeshe.